Jina la Namba Saba

Joash Were hakuwahi kucheza mpira. Mguu wake wa kushoto ulipinda tangu utotoni kule Samia, na ndugu zake walizoea kumweka kando achunge mashati yao wakati wao wakikimbizana na mpira wa matambara. Lakini kuanzia mwaka wa sitini na tano hadi sitini na tisa, katika uwanja ule wa mjini, hakukuwa na mchezaji aliyejulikana kuliko yeye, ingawa watu wenyewe wala hawakuijua sura yake. Waliijua sauti.

Alikuwa fundi wa mitambo ya sauti katika duka la Bwana Ratilal, Bazaar Street. Siku za kazi alishinda ameinamia meza akichomelea nyaya za redio na gramafoni. Jumamosi alipakia spika nne kwenye gari la duka, akaenda kuzifunga juu ya nguzo za uwanja, kisha akaketi katika kibanda cha mabati kando ya waya na kuwasomea watu majina ya wachezaji. Kazi hiyo mtu yeyote mwenye macho na mdomo angeiweza. Joash ndiye aliyeifanya iwe kama misa.

Ilianza kwa kikohozi. Siku moja alikuwa akisoma majina ya Dagoretti Wanderers, timu ya watu wa magharibi mwa jiji, akafika kwa namba saba, akasema, "Zedekiah—" kikohozi kikamkaba. Kabla hajameza mate, watu wa jukwaa la mbao wakamalizia wenyewe, "Ogutu!" Wakacheka, naye akacheka. Jumamosi iliyofuata alinyamaza kwa makusudi baada ya kila jina la kwanza, na watu wakajibu la pili, kuanzia golikipa hadi namba kumi na moja, hata kama mwenye namba yake hachezi siku hiyo. Timu ngeni zilikuwa zikianza kutetemeka kabla refa hajapuliza kipenga. Mzee Kiragu, mwenye ploti alimopanga Joash kule Waithaka, alizoea kusema kwamba mpira wenyewe ni kitoweo tu. Yeye huenda kula yale majina.

Jina lililojibiwa kwa kishindo kuliko yote lilikuwa hilo la Ogutu. Alikuwa winga wa kulia, mwembamba, mwenye mbio za mtu aliyesahau chungu motoni. Aliishi Kangemi, akafanya kazi katika ghala moja mjini, na kila Jumapili baada ya kanisa alishuka Waithaka kula kwa Joash. Nakhumicha, mkewe Joash, alimsongea ugali wa wimbi na kumpikia mboga ya mrenda, naye Ogutu alimbeba mtoto wao Selpher mabegani na kumzungusha uani mpaka Nakhumicha awagombeze wote wawili. Walikuwa marafiki wa kweli. Hili lisemwe mapema, ili baadaye mtu asimtafutie Joash udhuru kwamba hakumjua yule kijana.

Mwaka wa sitini na nane Bwana Ratilal alinunua mashine ya tepu, ile ya kutumia betri, ya kunasia nyimbo za harusi. Joash aliiomba siku ya fainali ya kombe, akanasa majina yote kumi na moja pamoja na majibu ya watu, na tepu yenyewe akaihifadhi ndani ya kopo la biskuti. Kama walivyozoea mafundi wa kazi hiyo, alipachika vipande vya karatasi kati ya mizunguko ya tepu ili ajue pa kuanzia: kimoja mwanzoni, kimoja mwishoni penye vifijo vitupu, na kimoja kwa namba saba, kwa sababu hapo ndipo yeye na Ogutu walipopenda kusikiliza. Jibu la watu kwa namba saba lilidumu nusu dakika nzima.

Kisha ukaja mwaka wa sitini na tisa. Jumamosi moja ya Julai risasi zililia mchana katikati ya mji, akafa mwanasiasa wa kwao Ogutu, upande wa ziwa, ambaye wengi walikuwa wamemwekea matumaini yao, na Nairobi ikawa mji mwingine. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuulizana makabila, na wengi walinong'ona kwamba serikali ina mkono wake humo. Mpira ulisimama kwa muda, halafu ukaanza tena, na katika mechi ya kwanza akaletwa mgeni wa heshima, mkubwa mmoja kutoka serikalini, awasalimie wachezaji.

Timu zikajipanga. Mgeni akapita akitoa mkono. Alipofika kwa namba saba, Ogutu akairudisha mikono yake yote miwili nyuma, akavishika vidole vyake mwenyewe na kuinamisha kichwa. Hakusema neno wala hakutukana mtu. Mgeni alibaki ameunyoosha mkono wake hewani kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano, kisha akapita. Kule kibandani Joash aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake, akaona jambo ambalo hakuliona tena maishani: jukwaa zima la mbao, safu kwa safu, watu wakiirudisha mikono yao nyuma. Mechi ile ilichezwa dakika tisini bila kofi hata moja.

Alipoitwa ofisini na kuulizwa kwa nini amemvunjia mgeni heshima, Ogutu alisema mikono yake iko matangani. Wakamfungia asicheze tena. Kazi yake ya ghala nayo ikapotea wiki hiyohiyo, na hakuna aliyemweleza kisa.

Jumamosi iliyofuata katibu wa ligi, mtu aliyeitwa Shem, alifika kibandani kabla ya mechi. Shem hakuwa katili. Alikuwa mwoga aliyevaa tai, na watu wa namna hiyo ndio huwamaliza wenzao, maana hufanya kazi yao kwa bidii.

"Hiyo jina isitajwe," akamwambia Joash. "Namba sita, halafu namba nane. Ukitaja, mimi na wewe hatuko hapa wiki ijayo."

Nakhumicha alikuwa na mimba ya pili. Bwana Ratilal alikuwa amekwisha kumwonya asubuhi ile kwamba hataki duka lake litiwe mdomoni na wakubwa. Joash akashika maikrofoni. Akasoma golikipa, watu wakajibu. Akasoma wa pili, wa tatu, wa nne. Namba sita wakamjibu kama kawaida. Kisha akasoma namba nane.

Hakuna aliyejibu. Wala namba tisa hakujibiwa, wala kumi, wala kumi na moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ile Joash aliusikia mshindo wenyewe ukipita juu ya kibanda chake. Hatua kumi tu kutoka hapo, amevaa koti lake la Jumapili na kushika waya kwa vidole, Ogutu alikuwa amesimama akimtazama.

Mechi ilipokwisha Ogutu alikuja kumsaidia kukunja nyaya, kama alivyofanya siku zote. Joash alianza kueleza habari za Shem, za duka, za mimba. Ogutu aliendelea kukunja mpaka akamaliza.

"Joash," akasema, "mimi niko hai."

Akaubeba mzigo wa nyaya hadi kwenye gari, akauweka taratibu, akaenda zake. Jumapili yake Nakhumicha alisonga ugali wa wimbi kama kawaida, ukapoa mezani. Ogutu hakuja, wala hakuja tena.

Tangu hapo watu wakaanza kupungua uwanjani. Mwezi wa nane jukwaa la mbao lilikuwa nusu. Mwezi wa tisa ungeweza kumsalimia mtu aliye upande wa pili naye akakusikia. Katika baa za Kawangware, ambako zamani hukupata pa kuweka kiwiko wakati wa mpira, wenye redio waliombwa watafute stesheni ya muziki. Hata pale kwenye ukumbi wa jamii wenye televisheni, watu waligeuza viti wakaipa mgongo na kucheza drafti. Wengine waliogopa, tusidanganyane. Miezi ile kufika nyumbani mapema ilikuwa ni busara. Wengine walimkasirikia Ogutu mwenyewe, wakisema mpira ni mahali pa kusahau shida, na yeye amewaletea msiba mpaka uwanjani. Lakini wengi walikuwa wakienda kwingine. Kila Jumamosi, kwenye kiwanja cha vumbi huko Kangemi, Ogutu alicheza miguu mitupu na mafundi wa mbao na wauza makaa, na watazamaji walifurika mpaka barabarani.

Mzee Kiragu naye alihamia huko. Joash alipomuuliza mbona haji tena mjini, mzee alimjibu kwamba siku hizi majina yanasomwa kama mwalimu anavyosoma rejista, na yeye shule alishaimaliza.

Shem alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mikono ya Ogutu ndiyo iliyowafukuza watu. Siasa, alisema, ikiingia uwanjani watu hutoka. Joash hakumbishia, kwa kuwa alikuwa bado anakula mshahara wa kutombishia. Moyoni alijua lililotokea, kwa sababu alikuwapo. Watu walikuwa wamejibu mpaka namba sita.

Mwezi wa Novemba Ogutu alikuwa na kibarua katika machimbo ya mawe huko Kinoo. Mvua za vuli zililegeza ukingo, jiwe likaanguka, likamkuta chini. Hapakuwa na fumbo lolote katika kifo chake. Waliokuwapo waliona kwa macho. Marafiki zake wa Kangemi walifanya mkutano wa matanga ili asafirishwe kwao Yimbo, wakamtuma mtu kwa Joash kuazima kipaza sauti. Joash akasema mitambo yote imeagizwa harusini. Haikuwa imeagizwa popote. Aliogopa kusimama mbele ya watu wale na kuombwa amtaje marehemu. Mazishini pia hakwenda.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Joash hakumwambia mtu lililomkuta baada ya hapo. Lilianza nyumbani. Alimwita Selpher aje kula, na mara tu jina lilipomtoka mdomoni akasikia watu wakivuta pumzi. Hawakuwa mmoja wala wawili. Walikuwa maelfu, pumzi moja ndefu, ile ya watu wanaojiandaa kujibu. Akangoja. Jibu halikuja, ila Selpher alikuja mbio na mikono yenye matope, akashangaa kumkuta baba yake amesimama mlangoni uso umemparama. Likamtokea kanisani mchungaji alipomwomba awaite wanakwaya. Likamtokea dukani alipomwita mwenzake amletee koleo. Alikuwa akitaja jina, pumzi inavutwa, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho alihisi kuna mtu amesimama hatua kumi kutoka hapo.

Nakhumicha ndiye aliyegundua kwamba mumewe ameacha kuwaita watu kwa majina. Alikuwa akisema "wewe", au "njoo", au anapiga meza kwa kidole. Mtoto wa pili alipozaliwa, wa kiume, Joash alipita wiki mbili bila kumpa jina, mpaka Nakhumicha akamchagulia mwenyewe, akamwita Dalmas, na hakumuuliza mumewe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka fainali ya kombe, Machi mwaka wa sabini. Mpira ule ulikuwa utangazwe redioni, na mgeni mwingine wa heshima alikuwa anakuja. Tiketi zilikuwa zimelala ofisini bila mtu wa kuziuliza. Shem aliona aibu inakuja mbio, akakumbuka kuwa Bwana Ratilal aliwahi kujisifu kwake kwamba duka lake lina tepu yenye makelele ya uwanja mzima.

"Weka hiyo makelele kwa spika," akamwagiza Joash. "Mtu ako nyumbani na redio, atajua aje uwanja ni tupu?"

Joash alisema kuna majina kwenye tepu ile. Shem akasema aruke majina, aanzie kwenye vifijo. Si kuruka anajua? Labda hakukusudia kuumiza, lakini Joash alikaa na neno lile siku tatu.

Siku ya fainali uwanjani hawakufika watu mia tatu. Timu zilipoingia, Joash aliivalisha tepu mashineni, akakishika kipande cha karatasi, akakivuta na kubonyeza. Kwa sekunde mbili tatu palikuwa na mkwaruzo tu. Kisha kutoka juu ya nguzo zote nne sauti yake mwenyewe, ya mwaka wa sitini na nane, changa na yenye furaha, ikasema, "Namba saba! Zedekiah—"

Na uwanja mtupu ukajibu, "Ogutu!"

Jibu lilikuwa la maelfu ya watu, na halikuwa likitoka kwa mtu yeyote. Lilizunguka juu ya mbao tupu, likaenda upande wa pili na kurudi. Wale waliokuwapo waligeuka wakatazamana, kisha wakatazama mlango wanakotokea wachezaji. Macharia, kijana aliyekuwa amevaa shati la namba saba siku hiyo, alisimama palepale kama amekanyaga msumari. Shem alikuja kibandani akipunga mikono, lakini mkono wa Joash ulikuwa umekufa ganzi juu ya swichi, na nusu dakika ile ilikwenda mpaka ikaisha yenyewe. Mgeni wa heshima, ambaye hakuwa mfuatiliaji wa mpira, aliuliza tu huyo Ogutu ni nani, mbona anaitwa na haji.

Mpaka alipozeeka Joash hakuweza kusema kama alikivuta kipande kile kwa kukosea. Vyote vitatu vilikuwa vyeupe, hiyo ni kweli. Lakini fundi anaijua tepu yake.

Alirudi nyumbani akijua amefukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Redio ilikuwa imelichukua jina na kulipeleka kila mahali. Katika baa za Kawangware watu waliokuwa wakisikiliza nusu sikio waliruka vitini. Mmoja akasema Ogutu hakufa, alitorokea Kampala, sasa amefunguliwa. Mwingine akasema alimwona kwa macho yake Kangemi akinunua sigara. Jumamosi iliyofuata jukwaa la mbao lilijaa saa moja kabla ya mechi, na mashabiki wengine wakapanda juu ya ukuta.

Shem alikuja kibandani na uso uliokunjuka. Joash akamkumbusha kwamba jina lile limekatazwa. Shem akasema aliyekatazwa ni yeye Joash, tepu haijakatazwa na mtu. Basi ikawa ndiyo kazi. Joash alisoma namba moja hadi sita kwa mdomo wake, akafika saba akabonyeza mashine, tepu ikamwita marehemu, na walio hai jukwaani wakajibu pamoja na wale wa kwenye tepu mpaka mabati ya kibanda yakatetemeka. Wengi wao walikwisha kujua kuwa Ogutu yuko kaburini. Walikuja tu kulijibu lile jina, jinsi mtu anavyorudi kugonga mlango wa nyumba aliyohama. Macharia aliomba apewe shati la namba kumi na tano, akakataliwa. Na mtu aliyefungiwa kwa kuharibu mpira sasa ndiye aliyekuwa akiujaza uwanja, tena hakudai hata viatu.

Joash hakupata nafuu. Zile pumzi sasa alizisikia akiwa amekaa kimya, bila kutaja mtu.

Alhamisi moja mchana, mwezi wa Aprili, alikuta mgeni uani kwake. Mwanamke mrefu, mkavu, amekaa kwenye kigoda na kikapu kati ya miguu yake, na Selpher amemlalia gotini kana kwamba anamjua tangu zamani. Nakhumicha alimnong'oneza kwamba huyo ni Peres, mama yake Ogutu, amefika na treni ya asubuhi kutoka upande wa ziwa, na amekataa chakula mpaka aongee na mwenye nyumba.

Joash akamwamkia, akaketi chini. Peres hakuzunguka. Alisema jirani yake kule Yimbo ana redio, na kila Jumamosi jioni wanakuja kumwita asikie mtoto wake akiitwa Nairobi. Mara ya kwanza alilia kwa furaha. Mara ya pili hakuenda kusikiliza.

"Kwetu mtu akishazikwa haitwi na kelele," akasema. "Akiitwa, anainuka aone nani anamtaka. Zedekiah anainuka kila Jumamosi. Nasikia miguu yake hapo nje, anazunguka nyumba, hapati mtu, anarudi. Sikukuja kugombana na wewe, baba. Nimekuja kukuomba umwache alale."

Joash alianza kueleza habari za Shem, za duka, za watoto wawili. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyasema nyaya zikikunjwa, ila mtoto mmoja alikuwa ameongezeka. Akayaacha katikati.

Jumamosi aliiacha tepu ndani ya kopo lake nyumbani. Uwanja ulikuwa umefurika. Alisoma golikipa, wakajibu. Akaenda hivyo hadi sita, na sauti zao zilikuwa nzuri kama za zamani, na kwa kitambo aliona huruma kuziharibu. Shem, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimwonyesha kwa kidevu abonyeze mashine. Joash akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Namba saba hayupo," akasema. "Zedekiah Ogutu alikufa mwezi wa Novemba, Kinoo. Jiwe lilimwangukia. Huyo mnayemsikia hapa ni tepu. Alipokuwa hai, amesimama pale kwenye waya, mimi ndiye nilimruka. Sikumwita. Leo naomba tumwache."

Ndiyo mara ya kwanza aliyotaja jina lile lote peke yake, la kwanza na la pili, bila kuwaachia watu nusu yake. Alisubiri ile pumzi ivutwe. Haikuvutwa. Kisha akasoma namba nane, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na alipofika kumi na moja Shem alikuwa ameshachomoa waya.

Watu hawakupiga kelele wala hawakurusha chupa. Walisimama mmoja mmoja, wakavaa kofia zao, wakatoka kwa utaratibu kama wanaotoka kanisani. Wachezaji ishirini na mbili walibaki katikati ya uwanja wakiwatazama wakiondoka. Wiki iliyofuata hawakurudi, wala ile ya baada yake, na miaka mingi ilipita kabla ya jukwaa lile kujaa tena. Shem alisema siasa ndiyo iliyoua mpira. Bwana Ratilal alimpa Joash barua ya kumwachisha kazi na koleo mbili za zamani. Alizitumia kutengeneza redio za watu chini ya mwavuli pale Waithaka, mpaka nywele zikawa nyeupe.

Lakini kabla ya barua hiyo, Jumapili asubuhi, kesho yake baada ya mechi ile, Peres, aliyekuwa amekaa kwao tangu Alhamisi, alifunga kikapu chake tayari kwa safari. Joash alimletea kopo la biskuti lenye tepu, akamwambia achukue, akaichome au akaizike, vile atakavyoona. Peres aliligeuza kopo mikononi. Akauliza kama anaweza kuisikia mara moja tu, polepole, pale ndani. Hakuwahi kumwona mtoto wake akicheza. Kwenye redio ya jirani alisikia jina na kelele tu, hakujua watu walimpenda vipi.

Joash alikuwa bado na mashine ya duka. Akafunga mlango, akaishusha sauti mpaka ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, akatafuta kile kipande cha karatasi na kubonyeza. Jina likaitwa, watu wakajibu. Peres alisikiliza nusu dakika nzima ameinamisha kichwa, kiganja kifuani, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Hawa wengi nimewasikia," akasema. "Na huyu mmoja anayeanza, huyu anayemwita na furaha hivi, ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Peres aliinua uso akamtazama bila hasira.

"Kumbe ulikuwa unajua kumwita."